Picha ya Mama wa Nyungo

Nikisikia harufu ya chuma kinachochomelewa, mpaka leo kidole changu kinatafuta kitufe cha kamera. Nilikuwa darasa la sita, likizo ya kiangazi, majira ambayo upepo wa Dodoma huvuma kama mtu aliyetukanwa. Mjomba Elia, kaka yake mama, alikuwa na karakana ya kuchomelea Kizota, na siku za harusi aligeuka mpiga picha. Alikuwa amenunua kamera mpya, na ile ya zamani akaining'iniza mbele ya macho yangu. "Mpwa wangu, niletee picha ya mtu aliye peke yake barabarani. Peke yake, umenisikia? Ukiweza, kamera ni yako. Ukishindwa, namuuzia fundi mwenzangu." Akanipa mkanda mmoja wa picha. Usingizi ulinipaa kwa furaha, nikajiona nimeshashinda.

Kumbe sikuwajua watu wetu. Mtaani kwetu Chang'ombe, kumwacha mtu apigwe picha peke yake kulikuwa kumwaibisha, kama vile hana ndugu. Nilimwelekezea kamera fundi viatu. Kabla sijabonyeza vizuri, wateja wake walishamshika mabega. Nikamvizia mzee wa Kigogo akivuka barabara na fimbo yake. Muuza maji akaacha mkokoteni, akakimbia kusimama ubavuni pake. "We mtoto, utampigaje babu wa watu kama mkiwa?" alinigombeza, huku akijifuta jasho apendeze. Mtu ni watu, walisema wahenga, na msemo wao ulikuwa unanimalizia mkanda. Nilikasirika, nikacheka, nikakasirika tena. Ilipobaki picha moja tu, nikaanza kuogopa kwa dhati, maana niliipenda ile kamera kuliko kitu chochote.

Nilirudi Kizota kwa Mjomba nimenuna. Sijafika mlangoni, kikaja kimbunga cha vumbi jekundu. Mafundi wakakimbilia ndani, wapita njia wakajibanza kwenye kuta, barabara nzima ikabaki tupu. Alibaki Mama Zuhura peke yake, Mrangi kutoka Kondoa aliyeuza nyungo pale kona. Upepo ulimnyakulia ungo mmoja, naye hakukubali. Aliurukia, mkono juu, kanga imejaa upepo, meno yote nje kwa kicheko. Nikainua kamera. Nikabonyeza. "Nimempata! Mjomba, nimempata!" nilipiga kelele, mdomo umejaa mchanga.

Picha iliposafishwa, Mjomba aliitazama sana, kisha akanivisha kamera shingoni. Nilitoka mbio na nakala hadi kwa Mama Zuhura, nikamwamkia, nikamkabidhi. Aliitazama akicheka, halafu akaigeuza nyuma kana kwamba kuna mtu amejificha huko. "Nimependeza, mwanangu. Lakini wewe uko wapi? Si ulikuwepo? Nikiwaonyesha kwetu, watasema huku mjini naishi na upepo." Alimwita Mjomba aje na kamera yake, akanivuta ubavuni, tukapigwa pamoja katikati ya nyungo. Hiyo ya pili ndiyo aliyoipeleka Kondoa.

Siku hizi upigaji picha ndiyo kazi yangu, na Dodoma imejaa lami na maghorofa. Watu walio peke yao siwatafuti tena. Kila mmoja ana simu yake mkononi, na anayeona kamera yangu huinama, huomba samahani, hupita upesi asije akaniharibia picha. Kazi imekuwa rahisi mno, na nakiri kwamba urahisi huo unanihuzunisha. Juzi, Chang'ombe, nilimwona mzee ameketi peke yake kwenye benchi nje ya duka. "Shikamoo, mzee. Nikupige picha?" Akaitikia, akajiweka sawa. Niliinua kamera, nikasubiri. Watu walipita, wengi tu, na hakuna aliyekuja kusimama naye. Basi nikampa mwenye duka kamera yangu, nikamwonyesha pa kubonyeza. "Sogea kidogo, mzee," nikasema, nikaketi ubavuni pake.