Pengo la "Njia ya Hanga"

Kila bendi inayopiga "Njia ya Hanga" hapa Songea huruka mahali palepale. Ni muziki wa gitaa usio na maneno, na wengi tumeujulia harusini, ambako matarumbeta huupiga bibi harusi anapoingia. Kwaya moja imeuweka kwenye kinanda. Vijana wameuharakisha na kuutia midundo ya kompyuta. Wote wakifika katikati hunyamaza kidogo, kisha huendelea, wakidhani mtunzi alipenda hivyo.

Kunegunda, fundi cherehani wa Ruhuwiko, anajua kwamba hakupenda. Mtunzi alikuwa mumewe, Isidori, aliyeutunga enzi zile alipokuwa akienda Hanga kwa miguu kumchumbia. Siku ya kurekodi, uzi mwembamba wa gitaa ulikatika. Hapakuwa na uzi mwingine wala muda wa kurudia, hivyo akakiruka kipande kimoja, na kanda ikatoka hivyo hivyo. Nyumbani alikipiga chote, jioni, mkewe akisonga ugali.

Isidori alipofariki, Kunegunda aliisikiliza kanda ile kila siku akiwa anashona. Siku alipotaka kukiimba kile kipande mwenyewe, hakukipata. Kanda ilikuwa imekifuta kichwani mwake.

Mwaka huu alimpangisha chumba Calvin, mwalimu kijana aliyehamia kutoka Singida na gitaa lake. Calvin aliposikia habari ile, akaazimia kulijaza pengo.

"Shikamoo, mama. Leo nimekipata."

"Marahaba. Hata jana ulikipata."

Calvin akapiga. Mama akatikisa kichwa. "Mwenzio alikuwa anatembea. Wewe unafukuzwa na mbwa."

Calvin akacheka, akapiga polepole. Safari hii hata mguu wa Kunegunda ulianza kuufuata muziki juu ya kanyagio la cherehani. Kisha ukasimama.

"Kizuri, mwanangu. Lakini ni chako. Nikikizoea nitaamini ni chake, na hapo nitakuwa nimempoteza kabisa."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Piga kama wanavyopiga wote. Ukifika pale, nyamaza."

Calvin akaanza upya. Alipofika katikati, akanyamaza. Kunegunda aliweka kitambaa chini, akageukia mlango wa jikoni, midomo ikichezacheza bila sauti. Calvin akainua kidole ili aendelee.

"Subiri," mama alisema. "Subiri kidogo tena."