Hamira Inayonusa Maji

Nilipoambiwa kwamba hamira ndiyo itakayopima maji yetu, nilicheka. Hamira naijua. Mama alipofariki niliacha shule darasa la saba, nikawalea wadogo zangu kwa mandazi pale Kakuma. Lakini mama wa maabara aliyenipa kibarua Lodwar, ambaye sote tulimwita daktari, hakuwa anatania. Hamira yake ilikuwa imetengenezwa kunasa kemikali zinazojifanya homoni za mwili, zile zinazoweza kuvuruga uzazi na ukuaji wa watoto, na ambazo huwezi kuzionja wala kuziona. Zisipokuwepo, kichupa hubaki cha njano. Zikiwepo, hugeuka chekundu.

"Sasa hiyo haiumuki?" nilimuuliza.

"Haiumuki. Yenyewe inasema tu."

Kazi yangu ilikuwa kubeba chupa za kioo na kumwonyesha mashimo ya maji kwenye mchanga wa mto Tarach. La kwetu lilikuwa mojawapo. Kila mafuriko yakilifukia, tunalichimba upya palepale alipopachagua mama. Siku hizi upande wake wa juu mtoni watu huchoma taka, plastiki tupu, na moshi hutufikia hadi nyumbani. Daktari alisema wazi kwamba kichupa chake kikigeuka chekundu tutaacha kunywa maji yake. Shimo linalofuata lina wenyewe, na liko mbali.

Siku ya kuchota, mimi nilishuka na chupa kwenye mashimo ya chini. Daktari alikwenda kwetu, akapokewa na mdogo wangu wa kike, kama nilivyosimuliwa baadaye.

"Ejok, mama, karibu. Keti hapa kivulini. Mgeni haingii shimoni wakati mwenyewe yuko."

Akaichukua chupa, akairudisha imejaa, safi kama machozi.

Tulirudi Lodwar. Kesho yake daktari aliniita, nikaingia mbio. Vichupa vyote vilikuwa vya njano isipokuwa kimoja, na hicho kilikuwa chetu. Wekundu wake ulinipanda kichwani. Nikapiga simu nyumbani hapohapo, sauti ikiwa wazi chumba kizima.

"Msinywe tena maji ya shimo. Lifunikeni."

"Kwa nini? Na mimi nilimpa daktari yale mazuri!"

"Mazuri gani?"

"Ya dumu, yale yametulia. Ulitaka nimpe mgeni maji ya mchanga, aende kutusema Lodwar?"

Daktari aliruka kitini. "Dumu gani? Muulize linakaa wapi!"

Lilikuwa dumu letu la manjano, la siku nyingi, lililokaa juani mlangoni mpaka rangi ikapauka na ubavu ukapasuka nyufa ndogondogo. "Plastiki ikizeeka juani huweza kuachia kemikali hizo majini," alisema daktari, tayari anapanga chupa sandukuni. Nilimsaidia, nikijiona kama nasubiri matokeo ya mtihani ambao sikuwahi kuufanya.

Safari hii niliingia shimoni mwenyewe. Nilichota chupa moja kutoka mchangani, nyingine nikaijaza kwenye dumu. Mdogo wangu alisimama juu akinicheka: "Haya, mpe mgeni matope!"

Lodwar sikutoka maabara. Niliikodolea macho ile hamira kama ninavyoukodolea unga wa mandazi usiotaka kuumuka siku ya baridi. Kichupa cha dumu kilianza kuiva, kikawa chekundu. Cha shimo kilibaki cha njano. Daktari akarudia kipimo ili tusijidanganye, na hamira ikasema vilevile. Nilipiga kelele hadi mlinzi akachungulia.

"Shimo la mama liko sawa!" nilimwambia mdogo wangu kwenye simu. "Mbaya ni dumu!"

Nikamsikia akicheka huku akilia. "Na maji tutaweka wapi?"

"Kwenye sufuria kubwa."

"Na mandazi je?"

"Nitanunua sufuria nyingine. Mwaga maji ya dumu sasa hivi."

Nikasikia yakimwagika, na wadogo wengine wakishangilia. Halafu daktari akaninyang'anya simu.

"Dada, tafadhali usilitupe hilo dumu! Nalitaka mimi!"

"Daktari," mdogo wangu alijibu, "mara hii utalifuata mwenyewe. Sisi huku tunaenda shimoni kunywa."