Nilivyolirudisha Gari Kwenye Ukaguzi

Gari langu ni la Kifaransa, lina rangi ya chai iliyozidi maziwa, na kiumri limempita mwanangu. Nililinunua kwa sababu mkuu wetu wa shule kule Dodoma alikuwa na gari la namna hiyo. Sisi wanafunzi tulilisugua kila Ijumaa, lakini kukaa ndani yake hatukuthubutu. Mke wangu hulicheka. Anasema watu wa Lewisham, mtaa wetu hapa London, wakiniona barabarani nalo wanadhani nakwenda kuigiza sinema.

Kila mwaka lilitakiwa kukaguliwa, ile MOT ya nchi hii, na mimi nililipeleka Tooting kwa fundi Mhindi aliyezaliwa Mwanza. Mwanangu alikuwa akivuka mto kutoka kaskazini kuja kunisindikiza. Ilianza alipokuwa bado anasoma, nilipomwambia kwamba gari likifeli nitahitaji mtu. Halikufeli, naye hakuacha kuja. Nilikuwa nampigia simu tu, "Wiki ijayo ni MOT," naye anajibu, "Okay, baba, nakuja."

Tukishaliacha kwa fundi tulivuka barabara kwenda kwenye kimgahawa cha muhogo wa kukaanga, wenye pilipili na ndimu. Kwangu nyumbani mwanangu hazungumzi. Nyumbani ana simu. Lakini pale, macho yake yakiwa kwenye sahani na midomo ikimwasha, alikuwa anasema. Ni pale aliponiambia kwamba kazi imeisha, kabla hajamwambia mama yake. Mwaka mwingine aliniambia kuna msichana, na mwaka uliofuata kwamba msichana hayupo tena. Mimi nilikuwa nasukuma sahani upande wake na kusema, "Kula." Nadhani alinielewa.

Kisha gari likatimiza miaka arobaini. Mwanangu akaja nyumbani Jumapili moja amejaa furaha.

"Baba, good news. Gari lako sasa ni historic. Hakuna MOT tena. Una-declare tu, unatia sahihi, basi."

"Lakini limebadilishwa," nikasema haraka. "Breki za mbele si zake."

"Brakes ni safety, hazihesabiki. Wanaangalia vitu vikubwa. Ukiweka engine ya aina nyingine, kubwa zaidi, hapo ndiyo unarudi kwenye MOT. Yako si ni original?"

"Ni yake tangu kiwandani," nikasema, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Basi umesamehewa!" Akanipiga bega. Alikuwa amesoma masharti yote usiku kwa ajili yangu, baada ya kazi, na alikuwa ananipa zawadi. Mtu anapokupa zawadi utamwambiaje airudishe? Nikatia sahihi nikasema ahsante.

Mwaka uliofuata siku zile za ukaguzi zikaja zikapita. Nikawa nazunguka nyumbani, nafungua boneti, nafunga boneti. Mke wangu akachoka.

"Mzee, si umpigie mwanao?"

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aje."

"Aje kufanya nini? Mtu mzima na shughuli zake."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema.

Nikamwambia mgongo unaniuma. Alicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa cha kufurahi.

Simtetei mtu, ila mimi ndivyo nilivyolelewa. Baba yangu hakuwahi kuniambia kwamba amenikumbuka. Aliniletea salamu kwamba paa linavuja. Nikasafiri, nikafika, nikapanda juu nikakuta paa zima, halina hata tundu la sindano. Nikashuka, tukala, nikalala siku mbili, nikaondoka. Kwetu baba haombi kuonwa. Baba anatuma.

Sasa mimi nilikuwa sina la kumtuma mwanangu. Ndipo yale maneno yake mwenyewe, ya injini kubwa zaidi, yakaanza kunitembea kichwani.

Nikaenda Tooting peke yangu. Fundi alinisikiliza, akawasha gari, akalisikiliza nalo.

"Mzee mwenzangu, injini hii nzima kabisa. Unaitoa ya nini?"

"Inachoka milimani."

"Milima gani, London hii?" Akazima. "Na unajua utarudi MOT kila mwaka? Ule msamaha unakufa."

"Najua."

Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu kuliko ilivyohitajika. "Kijana wako hajambo? Siku nyingi simuoni."

"Hajambo."

Hakuuliza tena. Nadhani alijua, na laiti angenifukuza. Badala yake alifanya kazi aliyoombwa. Nilikuwepo siku ile injini ilipotolewa, imening'inia kwenye mnyororo, safi, haivuji hata tone. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Ikachukuliwa na bwana mmoja mwenye gari kama langu, akaifunga mbio kwenye trela nisije nikabadili mawazo. Maji yakishamwagika hayazoleki. Nikawaarifu wenye mamlaka kwamba injini si ile tena, kama sheria inavyotaka, kisha nikampigia mwanangu.

"Wiki ijayo ni MOT," nikasema, na sauti yangu niliisikia mwenyewe imechangamka.

"MOT gani? Si tuko exempt?"

"Nimebadilisha injini. Nimeweka kubwa."

"Baba. Ile original? Why?"

"Milima."

Kisha akasema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, "Okay. Usijali, baba. Nitashughulikia."

Nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Siku yenyewe niliamka mapema, nikavaa shati la kutokea, nikakataa chai ili nibakishe nafasi ya muhogo. Mke wangu alinitazama na shati langu, hakunitania. Kengele ilipolia nilikwenda mlangoni mimi mwenyewe.

Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa ovaroli, ameshika karatasi yenye namba ya gari langu. Gereji ya jirani, akasema, amekuja kulichukua kwa ukaguzi. Kijana wangu ndiye aliyepanga. Wanalichukua mlangoni na kulirudisha mlangoni, na sasa itakuwa hivyo kila mwaka. Sina haja hata ya kuvaa viatu. Alisema hilo kwa wema, akiniangalia viatu.

Nikampa ufunguo. Gari liliondoka likinguruma sauti ambayo si yake. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi mjukuu wa kweli bado sijapewa, ila huyu ninaye. Najuta ile injini. Najuta zaidi kwamba neno lenyewe lilikuwa moja, fupi, na mke wangu alikuwa ameshanifundisha.

Simu ikalia.

"Baba, wamekuja?"

"Wamekuja."

"Good. Umeona? Hakuna usumbufu." Nyuma yake nilisikia watu wa ofisini kwake. "Kuna kitu kingine?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, ananitazama.

"Hapana," nikasema. "Hakuna kingine."