Mkaguzi Asiyefungua Faili

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila aliyeweza kuagiza kitu kutoka nje alikiagiza, na bosi wangu aliagiza kompyuta tatu. Tulikuwa ghorofani Kariakoo, juu ya duka la vitenge: bosi wetu Mhindi, ambaye ukoo wake ulifanya biashara mtaa uleule tangu enzi za babu yake; dada mchapaji kutoka Moshi; na mimi mwandishi wa programu, mwenye majivuno makubwa kuliko mshahara.

Tulikuwa tunamwandikia mama mmoja muuza viatu vya jumla programu ya kutunza hesabu ya jozi zilizoko stoo. Bosi alisema wazi kwamba ikigoma mbele ya mteja, kuna mtu ataondoka.

Ugonjwa wangu ulikuwa kuweka maneno mahali panapotaka namba. Basi nikajitengenezea mkaguzi: unaandika KAGUA, unabonyeza enta, naye anapitia faili za programu na kukuonyesha makosa ya namna hiyo. Kwa kuwa mashine ilikuwa nzito, nilimfundisha apitie zile tu zilizobadilishwa tangu ukaguzi wa mwisho, akizitambua kwa tarehe. Nilitamba naye mpaka kwa wauza kahawa, ambao hawakuniuliza swali lolote.

Shida ilikuwa mgawo wa umeme. Betri ya ndani ya mashine yangu ilishakufa, kwa hiyo kila umeme uliporudi iliuliza leo ni tarehe ngapi. Usipojibu, ilirudi miaka mingi nyuma, ikaamini mimi bado niko darasa la kwanza. Dada mchapaji, aliyetokea ofisi za serikali, aliiandikia tarehe kila mara, kwa adabu, kama anamwandikia mkurugenzi. Nilikuwa namcheka. Mimi ningebonyeza enta tu na kuendelea na kazi.

Kisha dada akafiwa na mama yake, tukachanga rambirambi, akasafiri kwao. Wiki hiyohiyo umeme ukakatika, ukarudi, nikabonyeza enta, nikabadilisha faili ya saizi za viatu, nikamwita mkaguzi. Akajibu papo hapo: HAKUNA KOSA. Kwake faili ile ilikuwa ya zamani mno, na hakufungua hata moja. Maofisa wa aina hiyo tulikuwa nao wengi mjini, lakini huyu nilimtengeneza kwa mikono yangu.

Jumatatu mama wa viatu akaja, akaandika saizi ya kwanza, programu ikagoma. Bosi akataka kujua kulikoni. Nikaangalia tarehe kwenye mashine, nikaelewa kwamba mkaguzi aliliruka kosa langu. Nikamwambia kwamba mambo ya tarehe ni kazi ya dada mchapaji. Nilisema kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma, na upole ule unaniaibisha hadi leo.

Alhamisi dada akarudi. Bosi akamwita ndani, na dada akatoka na barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe. Hakulia wala kugomba. Alikuja mezani kwangu, akanishukuru kwanza kwa rambirambi.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi nilikuwa namzika mama. Wewe ulikuwepo."

Niliichukua barua mkononi mwake, nikaingia kwa bosi bila hodi, nikamwambia aliyebonyeza enta ni mimi. Bosi akaisoma upya, polepole, akachukua kalamu, akakata jina la dada na kuandika langu juu yake. Mengine yote aliyaacha kama yalivyo.