Sirene Iliyokatwa Waya

Wakati wa vita nilikuwa sentineli, nalinda depo ya fromaji, jibini ya ng'ombe, huko Masisi. Mwanzoni, watu wa kilima chetu walikuwa wanakimbia wakisikia jante, chuma cha gurudumu la kamyo, inapigwa kanisani. Patro wangu, mwenye depo, alipofunga sanduku ya alarme ya wezi mulangoni, sirene yake ikasikika mpaka mashambani. Watu wakaacha jante. Depo ilikuwa kwenye barabara ya kutoka Kalembe. Wenye bunduki walikuwa wanapita kwetu kwanza. Nikiwaona tu, nilikuwa nasukuma mulango, sirene inalia.

Bibi yangu, muke wangu, alikuwa analima maharagi chini ya kilima. Kila asubuhi aliniuliza, jembe begani:

“Papa, kitu chako iko muzima?”

“Iko muzima, mama. Enda.”

“Nitakuamini wewe ao hiyo sanduku?”

Mvua ilipoanza, sirene ikalia bure mara tatu kwa juma moja. Watu wanakimbia na magodoro, wanarudi wananitukana. Nilisafisha vichwa vya batri kwa maji moto, bado inalia. Mimi sikusoma, lakini macho ninayo. Nikaketi mbele ya mulango kutwa nzima, nikaona: ubao umevimba kwa mvua, sumaku ya mulango imeachana na mwenzake wa kwenye fremu. Zikiachana, alarme inadhani mwizi ameingia. Nikapiga randa ubao, nikaweka kipande cha kandambili chini ya sumaku. Ikanyamaza siku mbili. Mvua ikarudi, ikalia tena.

Patro akachoka.

“Kata waya ya sirene. Watu wanakimbia, nani atanunua?”

“Patro, watu wanaitegemea.”

“Wanategemea mali yangu? Kata. Na usiseme kwa muntu, wezi watasikia.”

Nikakata. Asubuhi yake bibi akauliza vile vile. Nikamujibu iko muzima. Niliona haya kusema nimeshindwa na kipande cha ubao.

Siku ya tatu patro akapakia fromaji yote kwenye kamyo, akatoa hata kalenda ukutani, akaenda Sake. Komanda wa wale wenye bunduki alikuwa rafiki yake. Wiki ile ile walikunywa pamoja mbele yangu. Alijua wanakuja. Hakuniambia niirudishe waya.

Saa nne asubuhi wenye bunduki wakatokea. Nikasukuma mulango. Taa nyekundu ya sanduku ikawaka vizuri kabisa, kazi yangu ilikuwa nzuri. Sirene kimya. Nikashika ncha mbili za waya niliyokata, nikazivuta ziungane, bado hazijagusana. Risasi ikapiga bati, nikaruka nyuma, nikajificha kwenye migomba. Chini kule nilimuona bibi yangu ameinama, anapalilia. Alisikia bunduki, akasimama, akatazama juu kwa depo. Alikuwa anangojea sirene. Wakamukuta amesimama, wakamuua.

Aliyewaleta ni komanda. Aliyejua akakaa kimya ni patro. Aliyekata waya ni mimi, na aliyemudanganya bibi ni mimi tena.

Leo niko Sake, natengeneza alarme za magazini, yaani maduka. Nikimaliza, siangalii taa. Naunga sirene, nafungua mulango, naiacha ilie.

“Papa, inatosha, unatupasua masikio!”

Ni wenye duka wanaopiga kelele. Naenda kwa mama anayeuza mboga ng'ambo ya barabara, namuuliza kama amesikia. Asiposema ndiyo, sifungi sanduku.