Rangi ya Kioo cha Verlin

Mama anayechora maandishi kwenye vioo vya maduka ya mjini kwetu, hapa Ohio, hushika brashi kwa mkono wa kushoto, na wa kulia haumtoki mfukoni hata theluji ikianguka. Akikosea hulamba kidole gumba, akafuta, akaendelea kupiga mluzi wimbo wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo chetu, ambao huukatiza kila mara kabla haujaisha. Kila Januari huandika kwenye kioo cha mgahawa wa Verlin nafasi yetu katika orodha ya mwisho ya timu bora za vyuo, kwa rangi ya maji, ili mvua za Aprili ziisafishe.

Mwaka huu tulifunga msimu kwa kuwachapa vijana wa chuo kimoja cha ligi kubwa, thelathini na moja kwa kumi. Orodha ilipotoka, wao wakawa wa kumi na nane, sisi wa ishirini na tatu.

"Ligi yenu ya mchangani, bibie," Orrin, mteja aliyesoma chuo cha hao wakubwa, alimchokoza mdomo umejaa pai. "Mngecheza na sisi kila wiki mngekoma."

"Tumecheza mara moja tu, na mmekoma nyie."

Mama akafungua kopo jingine la rangi, akaandika 31–10 kioo kizima. Ile 23 akaibana pembeni, ndogo kama nzi. Verlin akatoka mbio na aproni yake, akanusa.

"Mama! Hii si rangi ya mafuta, ya mabanda ya ng'ombe? Haitoki hii!"

"Hiyo 23 ya wapanga orodha ndiyo ya maji," alijibu, akafunga kopo, kisha akapiga mluzi wimbo wetu mpaka mwisho.