Buibui wa Mama Mkwe

Jumla ya gharama yangu ilikuwa mabati kumi na nane, mbuzi jike mwenye mimba, saa ya mkononi ya kike, na kopo la mafuta ya kupikia ambalo mke wangu alikataza lisirudi jikoni. Nimehesabu mara mbili. Chupa za dawa siziingizi, maana nilizipata kwa bei nzuri, na bei nzuri ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika, na dawa ya kupulizia ililetwa na huyo huyo, ikifika wakati funza wameshakula, wameshiba, wameondoka. Sasa kila mwenye lori akawa mnunuzi na kila mwenye meza akawa muuza dawa. Mimi nilikuwa na meza Kirumba. Niliuza saa, betri, vitana, nyembe na sabuni za kunukia, na pembeni, mbali kidogo na sabuni, dawa ya pamba. Mteja akiniuliza inaua nini, namjibu, "Wewe unataka ife nini?"

Mama mkwe wangu alilima pamba ng'ambo ya Kisesa, njia ya kwenda Bujora. Kwa Wasukuma wa rika lake, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai wakatazamana. Nikienda kwake nakaa upande huu wa ua wa minyaa, yeye upande ule, mke wangu katikati kama simu ya posta. Mama akiwa na neno langu humwambia binti yake. Binti akiwa hayupo humwambia kuku, nami nasikia.

Mwaka huo alikuwa na haja moja tu. Nyumba yake ya nyasi ilivuja, na pamba ya msimu ule ndiyo ingenunua mabati. Fundi alipima akasema kumi na nane. Nikapima na mimi, nikitarajia fundi amekosea. Hakukosea.

Nikaona hapo ndipo mahali pa kuwa mkwe wa kutajwa. Nikafika na chupa zangu na bomba la kukodi, nikatangaza juu ya minyaa kwamba mwaka huu shamba la mama litapulizwa lote, bure. Nikamsikia upande wa pili akiongea na kuku.

"Huyu mtoto ana moyo mzuri. Sasa sijui buibui wangu itakuwaje."

Nikadhani anawaogopa. Nikapaza sauti kumtuliza, "Mama asiwe na wasiwasi, na hao buibui watakwisha wote."

Kuku hakuambiwa tena kitu. Zawadi ya mkwe haikataliwi.

Jirani yake alikuwa mzee mmoja ambaye shamba lake lilitengwa na la mama kwa njia ya ng'ombe tu. Kijiji kizima kiliniita mkwe, naye hakuacha nafasi hiyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe wetu. Naona umekuja na sumu ya kutosha kuoga."

Naye alikuwa amekopeshwa chupa za dawa na mfanyabiashara mmoja, deni atakatwa siku ya kuuza pamba. Akasema mgongo wake hauwezi bomba, nizichukue zake. Nikamtajia bei, akashika kiuno.

"Hiyo ni bei ya chupa tupu."

"Baba, ningetaka tupu ningesubiri umalize."

Tulivutana hadi jua likapanda, nikazichukua kwa nusu ya bei. Nilivuka njia ya ng'ombe nikijiona nimemnyoa bila maji. Kwa hiyo shamba la mama likapata dawa ya mashamba mawili, na la mzee halikupata hata tone.

Kesho yake nikapita kuangalia kazi yangu. Funza walikuwa wamekufa, sikatai. Ila sikutegemea wale wengine. Sikujua shamba moja la pamba lina buibui wa kila kazi. Kulikuwa na wasukaji, wale wenye miguu mirefu wanaotandaza nyavu kati ya mche na mche. Kulikuwa na wakimbiaji wa chini, rangi ya udongo, ambao hawasuki kitu, wanakamata kwa mbio kama mgambo. Na kulikuwa na mdogo wa njano, amejikunja kama kaa ndani ya ua la pamba, alikokuwa akimvizia mdudu. Wote chali, miguu imekunjwa. Pembeni yao wadudu kobe, wale wa mviringo wenye madoa mgongoni, na siafu. Nikajiambia, biashara ni biashara, kila soko lina hasara yake.

Majuma machache baadaye wakaja vidukari. Vidukari hawana meno wala kelele. Hukaa chini ya jani wakinyonya utomvu, na wanachotoa nyuma ni maji matamu yanayonata. Dawa ilikuwa imewaua na wao, lakini kidukari huzaa kama ana mkataba na mtu, na buibui hana haraka hiyo. Waliporudi walikuta hakuna wa kuwala. Majani yakang'aa kama yamepakwa sukari, kisha ukungu mweusi ukaota juu ya sukari hiyo. Vitumba vilipopasuka, pamba ikawa inashika vidole.

Ng'ambo ya njia, kwa mzee, pamba nyeupe. Nyavu zake zilikuwa zimejaa vidukari wenye mabawa hadi zimelegea.

Ndipo mke wangu aliponiletea ujumbe kamili. Mama hakuwaogopa buibui. Pamba haichumwi na umande, ikichumwa mbichi hushika uchafu ikawa fifi, na wanunuzi wana bei ya safi na bei ya fifi. Sasa mama hakuwa akishikashika pamba kujua imekauka. Aliangalia nyavu. Matone yakiisha kwenye nyavu, anawaita wachumaji.

"Anasema umemuulia saa yake," mke wangu akasema.

Saa ninazo, nikafikiri. Nikachomoa moja mezani, ya kike, mkanda mwekundu, nikampelekea. Ujumbe ukarudi kwamba saa ni nzuri sana, inaonyesha saa nne vizuri kabisa, ila haijui kama pamba imekauka. Aliivaa kanisani.

Basi nikaamua kurudisha buibui. Msicheke, kila kilichoisha dukani huagizwa. Na kwa nini ninunue wakati ninao bure? Nyumba yetu Kirumba ilikuwa karibu na maji, na vile vijidudu vya ziwani vinavyoinuka kama moshi vilipotua, kila kona ilikuwa na buibui mnene aliyeshiba. Nikajaza kiberiti kimoja kimoja, buibui mmoja kwa kiberiti, nikabeba mfuko mzima hadi shambani, nikawafungulia kwenye pamba.

Mzee alikuwa ameegemea jembe.

"Hao wa mjini, mkwe, wataweza kulima?"

Hawakuweza. Walikaa kwenye pamba mpaka nilipogeuka, kisha mmoja mmoja wakaelekea nyumbani kwa mama, wakapanda ukutani, wakaingia kwenye nyasi za paa. Walikuwa wamezoea dari.

Ikabidi niende kwa mzee na heshima zote.

"Nilikuuzia dawa ya kuwaua," akasema, "sasa unataka nikuuzie na buibui wenyewe?"

"Punguza bei tu, baba."

"Mbuzi jike. Mwenye mimba."

"Kwa wadudu?"

"Kwa wadudu nisingekudai. Hawa ni wafanyakazi wangu."

Nilianza na jogoo. Akatazama shamba la mama, akanitazama mimi. Nikapanda hadi beberu. Tukamaliza kwenye mbuzi jike mwenye mimba, na katika biashara zangu zote sijawahi kuanza bei na kuimaliza palepale alipoianzia mwenzangu.

Viberiti vilikuwa vimekwisha. Nikawakusanya asubuhi kwenye kopo la mafuta, kama mtu anavyobeba dagaa. Thelathini. Nikawahesabu mara mbili. Mwendo wa kuvuka njia ya ng'ombe na kusalimia watu wawili, nikafungua: kumi na tisa. Nikahesabu tena, kumi na nane. Mmoja alikuwa anamalizia mguu wa mwenzake huku ananiangalia. Waliobaki walikuwa wamenenepa.

Mzee alicheka hadi akakaa chini. "Umenunua thelathini, umepata wazito kumi na nane. Kilo ni zilezile, mkwe. Unalalamika nini?"

Nikawafungulia hao kumi na nane, lakini walikuwa wachache na wamechelewa; pamba ya mama ilikwenda yote kwa bei ya fifi. Ilitosha kumlipa mchumaji, chumvi, na sare za mjukuu. Mabati hayakununuliwa.

Msimu uliofuata bomba halikuletwa. Mama aliacha ukanda wa majani pembeni ya shamba bila kupalilia, jambo lililokuwa linanikera kwa usafi wangu wa mjini. Nikapita asubuhi moja nikaona nyuzi nyembamba zikielea kutoka ng'ambo ya njia, kila uzi na buibui mchanga mwishoni, mdogo kuliko punje ya mtama, amepeperushwa na upepo wa ziwa. Wakatua kwenye majani yale. Bila mbuzi, bila kopo. Mzee naye aliwaona wakivuka. Akaniuliza kama nitamlipa nauli yao.

Baadaye biashara ilinyooka, nikanunua mabati. Kumi na nane, geji nzito, nikayapeleka kwa mkokoteni hadi kwenye minyaa. Nikasikia mama akimwambia kuku kwamba mabati ni mazuri, lakini wale wageni wa Kirumba wamezaa kwenye nyasi, mbu wamepungua ndani, na bati hupata moto, watahama. Basi yakae tu.

Yamekaa, yameegemea ukuta wa nje. Mvua ikinyesha paa bado linavuja, na mama husogeza kitanda. Kumuuliza uso kwa uso siwezi, na kuku hajibu. Sasa wewe uliyewahi kuwa na deni ambalo mwenyewe hataki kulipokea, tena huruhusiwi kumtazama, niambie: nayaezeka, au nayarudisha dukani?